Bastola ya .22 katika baridi na vumbi la Nyanda za Juu Kusini: namna ya kuitunza isikugomee

Bastola ya .22 inapogoma, mwenye nayo huikodolea macho bastola. Anawaza springi, anawaza pini, anaanza kuulizia fundi. Mara nyingi tatizo haliko huko. Liko kwenye risasi, au kwenye chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa, iliyojaa masizi na nta, au kwenye magazini, kile kisanduku cha kubebea risasi, yenye midomo iliyopinda. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na risasi, unaingia kwenye chemba, unapita kwenye magazini, na vyuma vya bastola vinakuja mwisho. Ukichunguza kwa mpangilio huo utaokoa fedha, na hutafikia hatua ya kupiga tupa mahali ambapo mswaki ungetosha.

Nawaandikia wamiliki halali wa huku kwetu: mkulima wa mpunga wa Mbarali, mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga, mwenye duka la jumla Makambako. Wengi wetu silaha hukaa kwenye sefu miezi mingi, kisha siku ikitolewa tunataka ifanye kazi mara moja. Matumizi ya namna hiyo ni magumu kwa silaha kuliko kupigwa risasi kila wiki, kwa sababu mafuta huganda na kutu hutambaa bila mtu kuona.

Kwanza ielewe risasi

Risasi ya .22 Long Rifle ilitolewa mwaka 1887 na kampuni ya J. Stevens ya Marekani, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Risasi za bastola kubwa, kama ile ya milimita 9, zina fataki katikati ya kitako cha ganda, imekaa ndani ya kikombe chake. Ya .22 haina kikombe. Unga wa kuwashia umetandazwa ndani ya ukingo wa ganda. Kiwandani huwekwa tone la unga ukiwa na unyevu, kisha ganda huzungushwa kwa kasi ili unga ukimbilie ukingoni. Ikitokea sehemu ya ukingo imebaki tupu, na pini ikagonga hapo hapo, risasi haiwaki. Hata risasi za kampuni zinazoheshimika hufanya hivyo mara mojamoja. Ndiyo asili yake, na hakuna usafi wa bastola utakaoliondoa tatizo hilo kabisa.

Kichwa chake nacho kina mambo yake. Kwa kawaida kina uzito wa gramu 2.6 hivi, ni cha madini laini ya risasi, kimepakwa nta au mafuta kwa nje, na vingine vina utando mwembamba wa shaba. Hiyo nta ndiyo inayoulinda mtutu usishikwe na madini. Lakini nta hiyo hiyo hunasa vumbi. Risasi iliyotembea mfukoni mwa koti kutoka Rujewa hadi Igawa mwezi wa Septemba inaingia kwenye chemba ikiwa imevaa mchanga. Ziache kwenye boksi lake mpaka dakika ya kuzipakia, na usizipake mafuta ya aina yoyote.

Sasa namna bastola inavyojipakia. Bastola nyingi za .22 za magazini hazina kufuli linaloikaba slaidi, kile chuma kinachoteleza nyuma na mbele, wakati wa mlipuko. Kinachoizuia ni uzito wa slaidi yenyewe na springi iliyo nyuma yake. Ganda husukumwa nyuma na gesi, ganda linaisukuma slaidi, slaidi inarudi, inalitema ganda na kuchukua risasi inayofuata. Risasi ikiwa dhaifu, slaidi hairudi vya kutosha. Chemba ikiwa na masizi, ganda linakwama na kupunguza nguvu. Mafuta yakiwa mazito, hali ni hiyo hiyo. Sababu tatu, dalili moja: ganda limesimama wima kwenye tundu la kutolea, au limebaki ndani.

Ndiyo maana aina ya risasi ni jambo la kwanza kulijaribu. Zipo za kasi ya kawaida, mita 320 hadi 330 kwa sekunde, na zipo za kasi kubwa zinazokaribia mita 380, kwa vipimo vya mitutu mirefu; kwenye mtutu mfupi wa bastola kasi hushuka. Bastola ndogo zenye springi ngumu mara nyingi hudai za kasi kubwa. Bastola za kulengea shabaha mara nyingi hufurahia za kawaida. Soma kijitabu cha mtengenezaji kwanza, kisha jaribu aina mbili au tatu, magazini kadhaa za kila aina, uone ipi inapita bila kukwama. Ukishaipata, shikamana nayo.

Usichanganye majina. Risasi ya .22 Short ni fupi, na kuitumia kwenye chemba ya Long Rifle kunaacha pete ya masizi mbele ya ganda ambayo baadaye itaizuia risasi ndefu isiingie hadi mwisho. Ile ya .22 Magnum, iliyotoka mwaka 1959, ni pana zaidi. Long Rifle ikitumbukizwa kwenye chemba ya Magnum, ganda linaweza kupasuka na gesi kukurudia usoni. Jina la risasi limechorwa kwenye chuma cha bastola. Lisome, usimsikilize muuzaji.

Kabla hujaigusa kwa usafi

Toa magazini kwanza. Kisha vuta slaidi nyuma, ifunge ikiwa wazi, utazame ndani ya chemba. Ukitoa risasi ya chemba kabla ya magazini, slaidi ikirudi itapandisha nyingine, na hapo ndipo watu hujipiga. Kwenye silaha kubwa watu huzoea kuingiza kidole kidogo kuhakikisha. Kwenye .22 kidole hakiingii, tundu lina upana wa milimita 5.7 tu, kwa hiyo tumia tochi na uangalie kwa macho mpaka uone mwanga ukipita. Risasi zote ziondoke kwenye chumba hicho, zikae chumba kingine na mlango ufungwe. Watoto nao wasiwe karibu.

Na hili nalisema hasa kwa watu wa Njombe, Makete na Mufindi: msisafishe silaha pembeni ya jiko la mkaa. Najua Juni na Julai baridi inauma na jiko liko ndani. Dawa ya kusafishia mtutu hutoa mvuke unaoshika moto. Toka barazani, au fungua dirisha na uvae koti. Petroli na thina ziache kabisa, zinashika moto haraka zaidi na zinaharibu plastiki ya mpini.

Vaa glavu kama unazo. Masizi ya .22 yana madini ya risasi kutoka kwenye kichwa na kwenye unga wa fataki, na madini hayo yakiingia mwilini hayatoki kirahisi. Kwa watoto wadogo na wajawazito ni hatari zaidi. Usile, usinywe chai, usivute sigara ukiwa kazini. Ukimaliza nawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, na vitambaa ulivyotumia vifunge kwenye mfuko uvitupe. Visirudi jikoni.

Vifaa havihitaji gharama kubwa. Fimbo ya kusafishia iliyo laini, ya shaba au iliyofunikwa plastiki. Burashi ya shaba nyekundu ya kipimo cha .22. Vipande vya fulana kuukuu ya pamba. Mswaki. Njiti za meno. Dawa ya mtutu, na kichupa kidogo cha mafuta mepesi ya silaha. Mafuta ya taa yanaweza kulainisha masizi ukikosa dawa, lakini yakishamaliza kazi yafutwe yote, kwa sababu hayailindi chuma dhidi ya kutu. Mafuta ya kupikia na oili chafu ya pikipiki visikaribie silaha yako. Ya kwanza yanageuka gundi, ya pili imejaa vipande vya chuma.

Chemba ndiyo kazi yenyewe

Fungua bastola kwa kiwango ambacho kijitabu chake kinamruhusu mwenye mali, usiende zaidi. Hapa aina hutofautiana sana. Ruger, kampuni iliyoanza mwaka 1949 kwa bastola ya .22, ilitengeneza kwa miongo mingi matoleo ambayo kuyarudisha baada ya kuyafungua kulihitaji subira ya kweli. Mark IV ya mwaka 2016 inafunguka kwa kubonyeza kitufe kimoja. Browning Buck Mark inataka ufungue skrubu. Nyingine slaidi inatoka kwa kushusha lachi. Kama huna kijitabu, waandikie waliotengeneza au kipakue kwenye tovuti yao kabla hujashika bisibisi.

Lowesha burashi kwa dawa, iingize kwenye chemba kutokea nyuma, uizungushe kwa vidole kama mtu anayekoroga dawa kwenye kichupa. Chemba tu, si mtutu mzima. Acha dakika kumi dawa ile masizi, rudia, kisha pitisha kitambaa kikavu. Angalia kwa tochi: ukiona duara jeusi mahali ganda linapoishia, kazi haijaisha. Duara hilo ni mchanganyiko wa nta, madini na unga ulioungua, na ndilo linaloifanya risasi ibaki nje kidogo. Risasi ikibaki nje, pini inapogonga, sehemu ya nguvu inaishia kuisukuma risasi mbele badala ya kuliponda ukingo. Matokeo yake ni alama hafifu na kimya. Watu wengi wamenunua springi mpya ya pini kwa tatizo ambalo burashi ingelimaliza.

Mtutu wenyewe haudai mengi. Risasi yenye nta hailiadhibu chuma, na mitutu ya .22 huharibiwa zaidi na fimbo za chuma kuliko na risasi zinazopita humo. Pitisha kitambaa chenye dawa, subiri, pitisha vikavu mpaka kimoja kitoke karibu safi. Inatosha. Kama muundo unaruhusu, ingiza fimbo kutokea nyuma. Kama haiwezekani, pita mdomoni polepole na uangalie fimbo isikwaruze kingo za mdomo, maana hapo ndipo kichwa cha risasi kinapoachana na mtutu, na mkwaruzo mdogo tu unakipeleka kando. Usishangae risasi chache za kwanza baada ya usafi zikitawanyika. Mtutu unahitaji kupakwa nta upya.

Uso wa slaidi, pale kitako cha ganda kinapoegemea, usugue kwa mswaki. Chini ya kulabu inayovuta ganda kuna uchafu uliokandamizwa ambao mswaki haufiki. Utoe kwa njiti ya meno. Kulabu ikishindwa kuushika ukingo, ganda linabaki ndani. Ikagueni kwa tochi kila mara: ncha iwe kali, isiwe imemeguka.

Mafuta: kidogo, na pungufu zaidi wakati wa kipupwe

Hapa ndipo nyanda zetu zinapotofautiana na Dar es Salaam. Mafuta mazito au grisi ambayo Pwani yanateleza vizuri, alfajiri ya Julai Makete au kwenye tambarare ya Kitulo, iliyo juu ya mita 2,600, yanakuwa mazito kiasi cha kuichelewesha slaidi ya .22, ambayo nguvu yake ni ndogo tangu mwanzo. Weka tone moja la mafuta mepesi kila upande wa reli za slaidi, ivute mbele na nyuma mara kadhaa, kisha futa yanayoonekana. Chuma kibaki kama kimeguswa na kidole chenye mafuta.

Ndani ya njia ya pini usiweke kitu. Isafishe kwa dawa kidogo, iache ikauke. Mafuta humo hukusanya masizi na kuwa uji, na pini inakwenda taratibu. Ndani ya magazini pia pakavu, na chemba iwe kavu.

Usangu na Mbarali kuanzia Agosti mpaka mvua zinyeshe ni vumbi jembamba linaloingia hata kwenye saa. Huko punguza mafuta zaidi, na fungua slaidi uifute kila unaporudi kutoka safari, hata kama hukupiga risasi. Rungwe mambo ni kinyume. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na adui wa huko ni kutu. Safu nyembamba ya mafuta kwa nje, kila wiki msimu wa mvua, haikwepeki.

Ukitoka nje kwenye baridi ukaingia chumba chenye joto, chuma hutoka jasho. Usiirudishe kwenye sefu papo hapo. Iondoe risasi, iache wazi mezani mbele ya macho yako mpaka ilingane na joto la chumba, ifute, ndipo uihifadhi. Na usiihifadhi ndani ya mkoba wa ngozi. Ngozi hushika unyevu na ina kemikali za kuitengenezea zinazokula chuma. Mkoba ni wa kubebea tu. Ndani ya sefu weka vifuko vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya, na uvibadilishe msimu wa mvua unapoanza.

Magazini, mshukiwa anayesahaulika

Kitako cha risasi ya .22 kina ukingo uliojitokeza. Ukipakia vibaya, ukingo wa risasi ya juu unakaa nyuma ya ukingo wa risasi ya chini yake, zinafungamana, na slaidi haiwezi kuisukuma ya juu. Unapopakia, hakikisha kila risasi mpya ukingo wake uko mbele ya ile iliyo chini. Usizishindilie, na usiigonge magazini kwa nguvu mezani.

Midomo ya magazini ndiyo inayoamua risasi itapanda kwa pembe gani. Ikianguka sakafuni, linganisha midomo hiyo na ya magazini nyingine. Kwa kuwa bastola moja huja mara nyingi na magazini mbili, ziwekee alama za rangi, moja na mbili. Siku risasi ikikwama, andika alama ya magazini iliyokuwamo. Kama zote zimetoka kwenye namba mbili, jibu unalo bila kumlipa mtu. Usinyooshe midomo kwa koleo. Nunua nyingine kwa muuzaji halali.

Inapogoma mkononi

Haya ni ya kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, ukiwa na miwani na kinga ya masikio.

Umevuta kifyatulio, kimya. Shikilia bastola hivyo hivyo ikielekea kwenye shabaha, hesabu polepole mpaka thelathini, kwa kuwa unga unaweza kuchelewa kuwaka. Kisha toa magazini, vuta slaidi, itoe risasi na uitazame ukingo. Alama ya pini ikiwa imezama vizuri, risasi ndiyo yenye kosa. Alama ikiwa hafifu na chemba ni safi, sasa ndipo unaruhusiwa kuishuku pini au springi yake. Angalia pia kingo za chemba: bastola nyingi za .22 hazipendi kufyatuliwa tupu, pini hugonga kingo za chemba na kuacha kidonda cha chuma kinachozuia risasi kuingia. Zipo zinazostahimili. Kijitabu kitakuambia yako ni ipi, na kama huna jibu, usiifyatue tupu.

Umesikia mlio dhaifu, kama kofi la mbali, au hukuhisi msukumo wa kawaida. Acha hapo hapo. Usivute kifyatulio tena kwa sababu yoyote. Kichwa cha risasi huenda kimekwama ndani ya mtutu, na kinachofuata nyuma yake kinaweza kuupasua. Toa risasi zote, fungua, tazama mwanga ukipita. Kama haupiti, usikisukume kwa msumari wala bisibisi. Hiyo ni kazi ya fundi.

Ganda limesimama wima kwenye tundu: anza na chemba na kulabu, kisha badilisha aina ya risasi. Risasi haipandi: magazini. Imepanda lakini slaidi haijafunga hadi mwisho: masizi kwenye chemba, au mafuta mazito kwenye reli. Usiisukume slaidi kwa kiganja ili ifunge. Itoe risasi hiyo, usiirudishe kwenye magazini, kwani kichwa cha .22 hulegea kirahisi kwenye ganda lake.

Risasi zilizogoma kuwaka usizitupe jalalani, na zisiingie motoni. Zihifadhi peke yake kwenye kopo, uulize kituo cha polisi ulikosajiliwa namna ya kuzikabidhi.

Mipaka ya mkono wako

Kusafisha, kupaka mafuta, kubadilisha magazini: kazi yako. Kifyatulio, kulabu, kizuizi cha usalama, na chochote kinachohitaji tupa au msasa: kazi ya fundi mwenye leseni. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haichezewi, na hata pasingekuwa na sheria, kifyatulio kilichosuguliwa uani kinaweza kuachia bastola ikiwa imeanguka tu. Ipeleke mwenyewe, ikiwa tupu, na leseni yako mfukoni. Usimpe bodaboda, usimpe kijana wa dukani, usiiache kwenye buti la basi.

Nenda na daftari. Andika tarehe, aina ya risasi, namba ya magazini, nini kilitokea, lini ulisafisha mara ya mwisho. Fundi akiona kwamba ganda hukwama kila mara baada ya risasi mia mbili za aina moja, na halikwami kwa aina nyingine, atajua pa kuanzia. Akiambiwa tu "inasumbua", atabadilisha vitu kwa kubahatisha na gharama ni yako.

Ikirudi kutoka kwa fundi, kabla hujaitegemea, ijaribu uwanjani kwa boksi zima la risasi zile zile uliyozoea, ukitumia magazini zote mbili. Springi mpya hubadilisha tabia ya bastola, na risasi iliyokuwa ikipita vizuri inaweza kuanza kukwama. Ikitokea hivyo, panda ngazi moja ya kasi ya risasi kabla hujamrudia.